Waifai ya nyumbani Mwanza: maswali ninayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulinda ruta

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya nyumbani, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, na siku nyingine hadi ng'ambo, Sengerema. Majibu haya nimeshayatoa sebuleni kwa watu na kwenye simu usiku. Nimeyaandika ili uyasome kabla hujaniita, na huenda usihitaji kuniita kabisa. Jambo moja utaliona likijirudia: ruta ina kufuli mbili. Ya kwanza ni ya waifai, ambayo kila mtu anaijua. Ya pili ni ya ruta yenyewe, na hiyo ndiyo naikuta wazi kwenye nyumba nyingi.

Mimi sina siri yoyote. Kuna ubaya gani jirani akitumia waifai yangu?

Hakuna ubaya, kama umemkaribisha. Ubaya ni kutojua nani yumo. Aliyeingia kwenye waifai yako yuko upande wa ndani wa ukuta: anaweza kuifikia printa, televisheni, kamera ya getini na kompyuta ya watoto. Halafu kila anachofanya mtandaoni kinaonekana kimetoka kwako. Laini iliyo ndani ya ruta imesajiliwa kwa alama za vidole vyako na namba yako ya NIDA. Mtu akitapeli kupitia ruta hiyo, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Bando linaisha kabla ya wakati. Si lazima kuna mwizi?

Si lazima, na naomba umtafute ndani ya nyumba kabla hujamnunia jirani. Saa moja ya video yenye picha safi kwenye televisheni inaweza kula GB 2 hadi 3. Simu ikiwa kwenye chaji usiku huku imeunganishwa na waifai, hupakua masasisho na kupandisha picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kuna nyumba Kitangiri, mama alikuwa hasalimiani na mpangaji wa uani kwa sababu ya bando. Tulipofungua ruta tukakuta mlaji ni televisheni yake mwenyewe, iliyoachwa ikicheza katuni hata watoto wakiwa wamelala. Alienda kuomba radhi jioni ileile.

Ukishaondoa hayo, ingia kwenye ruta, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uvihesabu. Majina mengine hayaeleweki, na simu za siku hizi zimeongeza mkanganyiko: Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujitambulisha kwenye waifai kwa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani. Kwa hiyo kifaa usichokitambua kinaweza kuwa simu ya mwanao. Njia ya uhakika ni ya taratibu: zima waifai kwenye kifaa kimoja kimoja, huku mwenzako akiangalia kipi kinatoka kwenye orodha. Vyote vikishazimwa na bado kuna kilichobaki, hicho si cha nyumba yako. Taa za ruta zisikupe hofu. Huwakawaka hata nyumba ikiwa tupu, maana ruta huwasiliana na kampuni muda wote.

Naingiaje ndani ya ruta?

Unganisha simu au kompyuta kwenye waifai yako, fungua kivinjari, kisha andika anwani ya ruta pale unapoandika anwani za tovuti. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta nyingi za laini za Huawei ni 192.168.8.1, na visanduku vyao vya faiba mara nyingi ni 192.168.100.1. Geuza ruta uangalie kibandiko chini yake: huwa kimeandikwa anwani, jina la mtumiaji na neno la siri la kuanzia. Kama kimefutika, nenda kwenye mipangilio ya waifai ya simu, bonyeza jina la waifai yako, uangalie palipoandikwa Gateway au Router. Ukurasa ukigoma kufunguka, zima data ya laini ya simu kwanza. Mara nyingi tatizo huwa hilo tu.

Neno la siri la waifai nilishabadilisha. Haitoshi?

Haitoshi, na hapa naomba tuelewane vizuri.

Neno la siri la waifai linamruhusu mtu kuingia uani. Neno la siri la utawala wa ruta linampa funguo za vyumba vyote. Mwenye hilo la pili anaweza kulisoma neno lako la waifai hata ukilibadilisha kila Jumatatu. Anaweza kukufungia wewe nje ya ruta yako. Baya zaidi, anaweza kubadilisha DNS. DNS ni kama kitabu cha simu cha intaneti: wewe unaandika jina la benki, yenyewe inakutafutia namba ya kompyuta ya benki hiyo. Mtu akikubadilishia kitabu, utaandika jina sahihi kabisa, herufi kwa herufi, na bado utafikishwa mlangoni kwa tapeli.

Na si lazima awe mtaani kwako. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta kwa malaki duniani. Silaha yake ilikuwa orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu, yale ya admin na admin, ikijaribu moja baada ya jingine hadi mlango ufunguke. Waliotekwa walikuwa watu ambao hawakuwahi kugusa kufuli ya pili.

Kwa hiyo ukishaingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kubadilisha neno la siri la msimamizi. Mara nyingi iko chini ya System, Administration au Management. Weka jipya, lisifanane na la waifai, uliandike kwenye daftari lililo mahali salama ndani ya nyumba. Ndiyo, karatasi. Mwizi wa mtandao hafikii kabati lako.

Neno la siri zuri liweje? Mimi nimeweka namba yangu ya simu.

Namba ya simu ndiyo naikuta zaidi. Kuna ofisi ya wauza dagaa pale Kirumba, karibu na soko la Mwaloni, neno la siri la waifai lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi bila wao kujua: lilikuwa ni namba ya biashara yenyewe.

Hata namba isipoandikwa mlangoni, hesabu inaikataa. Mvamizi hahitaji kukaa nje ya nyumba yako akijaribu neno moja moja. Simu yako inapojiunga na ruta, viwili hivyo husalimiana kwa njia ya kuthibitishana, na salamu hiyo inaweza kunaswa hewani kwa sekunde chache. Baada ya hapo huenda nayo kwake, akaiachia kompyuta ikisie. Kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, ile ya michezo ya kompyuta, inaweza kukisia mara 500,000 na zaidi kwa sekunde. Namba zetu za simu huanza na 06 au 07, zikabaki tarakimu 8, kwa hiyo namba zote zinazowezekana ni milioni 200. Zote huisha ndani ya dakika 7.

Sasa chukua maneno matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 2,000. Fungua kamusi ukiwa umefumba macho, weka kidole, andika, rudia mara tano. Kompyuta ileile ingehitaji zaidi ya miaka 2,000 kuyamaliza yote. Na bibi anaweza kuyasoma kwa mgeni bila kuuliza hii ni herufi kubwa au ndogo. WPA2, aina ya ulinzi wa waifai, inakubali herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi ipo. Nalipenda sana neno refu linalotamkika kuliko fupi lenye alama za ajabu ambalo kila mtu atalisahau. Usichague wewe maneno kwa kichwa chako, maana sote tutaandika majina ya watoto, timu ya mpira na mwaka wa kuzaliwa.

Fundi wa kampuni aliniwekea kila kitu. Kuna haja ya kugusa?

Ipo. Mimi mwenyewe nilipopanga Nyakato, nililetewa intaneti na fundi wa kampuni moja, akaseti haraka, akaondoka. Miezi baadaye nikaenda kumsaidia mama mmoja nyumba ya nne kutoka kwangu. Nikakuta jina la waifai yake limepangwa kama langu, na neno la siri ni lilelile. Nikajaribu nyumba ya tatu, kwa ruhusa yao: lilelile. Fundi alikuwa amewapa mtaa mzima ufunguo mmoja ili akirudi asipate shida. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza siku hiyo. Lakini tangu siku ile, kila ninapofunga ruta namkabidhi mwenye nyumba simu aandike mwenyewe neno la siri, mimi nikiwa nimegeukia upande mwingine. Mwambie na fundi wako afanye hivyo.

Kampuni nyingine huacha akaunti yao ya msimamizi ndani ya ruta ili wakusaidie kwa mbali. Hiyo usiifute kwa nguvu, utakosa huduma. Wapigie uulize ipo au haipo, na neno lake la siri ni la ruta yako peke yake au la wateja wote.

WEP, WPA, WPA2, WPA3: nichague ipi?

WPA3 kama ruta na simu zako zote zinaikubali. La sivyo, WPA2 yenye AES, njia imara ya kuficha mawasiliano kwa msimbo. Ukiona chaguo la WPA2/WPA3 mchanganyiko, hilo linafaa kwa nyumba yenye simu mpya na za zamani.

WEP ni ya mwaka 1997 na udhaifu wake ulianikwa mwaka 2001. Leo inavunjwa kwa dakika chache. WPA ya kwanza, ya 2003, ilikuwa kiraka cha kusubiria WPA2 iliyokuja 2004. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alionyesha kasoro katika WPA2 iliyopewa jina la KRACK. Ilizibwa kwa masasisho ya simu na kompyuta, ndiyo maana sichoki kuhimiza masasisho. WPA3 ilitangazwa 2018, na faida yake kubwa kwako ni kwamba ile salamu ya kunaswa hewani haimfai tena mvamizi kukisia akiwa kwake. Kama ruta yako mwisho wake ni WEP, inunulie mrithi.

Kile kitufe cha WPS ni cha nini?

Kilianzishwa ili uunganishe kifaa bila kuandika neno la siri. Nia ilikuwa njema, lakini pamoja na kitufe ilikuja namba ya siri ya tarakimu 8, na mwaka 2011 mtafiti Stefan Viehböck aliweka wazi kosa lake. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, na ruta huithibitisha namba kwa vipande viwili: nne za kwanza, kisha tatu. Badala ya mamilioni ya majaribio, yanabaki 11,000. Neno lako la maneno matano halisaidii kitu hapo, kwa sababu mvamizi amepita mlango mwingine. Ingia kwenye ruta, izime WPS.

Nikificha jina la waifai, si nitakuwa salama?

Hapana. Jina lisipotangazwa na ruta, simu zako ndizo zitakazoliita kila zinapolitafuta, hata ukiwa stendi ya Nyegezi. Programu za bure hulinasa. Unajisumbua mwenyewe na wageni wako. Badala yake badilisha jina lisitaje ukoo wako, namba ya nyumba wala aina ya ruta.

Na kuruhusu vifaa kwa anwani ya MAC, ile ya kiwandani ya kila kifaa?

Anwani hizo husafiri hewani bila kufichwa, na kuiga ya mwenzako ni kazi ya dakika moja. Sifungi hiyo nyumbani kwa mtu isipokuwa ameniomba.

Nakaa mlimani. Waifai yangu inafika wapi?

Mbali kuliko unavyodhani, na Mwanza yetu ina tabia yake hapa. Mwamba ni mzito na unakata mawimbi, kiasi kwamba nyumba iliyojengwa imeegemea jiwe inaweza kukosa waifai chumba cha pili. Lakini upande ulio wazi, unaoangalia bondeni, hakuna cha kuyazuia. Ukisimama dirishani kwenye nyumba za juu Mabatini, Igogo au Isamilo unaona mapaa kwa makumi chini yako. Kila dirisha unaloliona linaweza kuiona ruta yako pia. Mahali peupe, mawimbi ya 2.4 GHz yanaweza kufika mita 100 hivi. Ya 5 GHz hufifia mapema.

Kwa hiyo ruta isikae kwenye dirisha la bondeni. Isogeze katikati ya nyumba, au kwenye ukuta wa upande wa mlima, juu kidogo ya kabati. Ruta nyingi zina sehemu ya kupunguza nguvu ya kurusha. Kwenye nyumba ya vyumba viwili, nguvu ya kati inatosha. Hilo halichukui nafasi ya neno la siri, maana mtu mwenye antena nzuri bado atakupata, lakini hakuna sababu ya kuitangazia mitaa mitatu.

Wapangaji na majirani wananiomba. Nikikataa nitaonekana nina roho mbaya.

Swali hili nalijibu kwa moyo wote, kwa sababu najua tunavyoishi. Jirani aliyekuchotea maji siku bomba lilipokauka, mwanafunzi wa SAUT anayetaka kutuma kazi ya chuo usiku, huwezi kumwambia hapana na ukalala vizuri. Wala huhitaji kumwambia hapana.

Ruta nyingi za kisasa zina mtandao wa wageni, umeandikwa Guest Network. Unauwasha, unaupa jina lake na neno lake la siri, na aliyemo humo anapata intaneti tu. Haoni printa yako, haoni kamera, haoni ukurasa wa ruta. Hakikisha chaguo la kumruhusu mgeni aone mtandao wa ndani limezimwa. Ruta nyingine hukuwezesha pia kumwekea mgeni kasi isiyozidi kiwango fulani, au kuuzima mtandao wake usiku. Badilisha neno lake kila mwisho wa mwezi. Hakuna anayenuna, kila mtu anajua ni waifai ya wageni, na familia yako haiguswi.

Kinachovuja siku hizi ni ule msimbo wa QR. Mgeni anaomba waifai, mtoto anafungua simu ya baba, anaonyesha kile kimraba, mgeni anakipiga picha. Watu wanadhani hawajatoa neno la siri. Wamelitoa: liko ndani ya kimraba, halijafichwa, na aliyekipiga picha anaweza kukituma kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji wote. Zipo pia aplikesheni zinazoahidi waifai za bure, ambazo hukusanya maneno ya siri kutoka kwenye simu za wanaozipakua. Rafiki wa mwanao akiwa nayo, waifai yako inaweza kuingia kwenye ramani yao. Wapeni wageni kimraba cha mtandao wa wageni, chapisheni hata mbandike sebuleni.

Naweza kuwauzia majirani vocha za waifai?

Hilo si suala la ruta tena. Kuuza huduma ya intaneti kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Nenda ofisi yao ya Kanda ya Ziwa, iko hapahapa Mwanza, uulize masharti kabla hujanunua vifaa.

Aliyeingia kwenye waifai yangu anaweza kunichukulia pesa za kwenye simu?

Si kwa kuingia tu. Ukipiga *150* na namba zinazofuata, ombi hupita kwenye mtandao wa laini ya simu, halipiti kwenye waifai. Aplikesheni za benki na za pesa za simu husimba mawasiliano yake, kwa hiyo hata akiyanasa hawezi kuyasoma. Hatari iko pale DNS inapobadilishwa ukapelekwa kwenye ukurasa bandia, kisha wewe mwenyewe ukaandika namba ya siri. Kivinjari kikikuonya kuwa ukurasa si salama, rudi. Usibonyeze endelea kwa sababu una haraka.

Umeme ukikatika, mipangilio yangu inafutika?

Haifutiki. Ruta huhifadhi mipangilio hata ikikaa bila umeme mwezi mzima. Ukikuta waifai imerudi kwenye jina la kibandiko, ujue mtu ameshikilia kile kitundu cha kuriseti, yaani cha kuirudisha ruta ilivyotoka kiwandani, au ruta imeanza kufa. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi usiiache ruta koridoni. Sindano na sekunde 10 zinatosha kufungua kufuli zote mbili.

Ruta yangu ya zamani bado inafanya kazi vizuri. Kwa nini niibadilishe?

Ruta ni kompyuta ndogo, ina programu ndani yake, na programu ina kasoro. Kampuni huziziba kwa masasisho, kisha siku moja huacha kuyatoa kwa modeli hiyo. Kati ya 2011 na 2012 huko Brazili, modemu za nyumbani takriban milioni 4.5 zilibadilishwa DNS kupitia kasoro ya namna hii. Hapo hata aliyeweka neno gumu la siri hakupona. Mwaka 2018 programu hasidi nyingine, VPNFilter, iliambukiza ruta zipatazo 500,000, hadi FBI ya Marekani ikawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao.

Ingia kwenye ruta, tafuta palipoandikwa Firmware au Update, ukiona kuna chaguo la kujisasisha yenyewe, liwashe. Ukisasisha kwa mkono, chagua saa ambayo umeme hausumbui au tumia yuu-pii-esi, kwa sababu ikizimika katikati inaweza isiwake tena. Kama modeli yako haijapata sasisho miaka mingi na mtengenezaji ameshaiacha, tenga fedha ununue nyingine. Najua si jambo dogo. Wakati unajichanga, zima WPS na uzime usimamizi wa mbali, Remote Management, ili ruta isikubali kufunguliwa kutoka nje ya nyumba.

Nina kamera za ulinzi na televisheni janja. Nizifanyeje?

Kamera hubadilishwa neno la siri kama ruta, siku ileile inapofungwa. Nimekuta kamera zinazolinda duka zima zikiwa bado na 123456, na hilo linaniuma kuliko ruta yenyewe, kwa sababu kamera inaona watoto na inaona saa unayotoka. Ziweke kwenye mtandao wa wageni pamoja na televisheni, mradi aplikesheni yake bado inazipata. Mafundi wa kamera hupenda kufungua milango kwenye ruta ili uzione ukiwa safarini, na UPnP, sehemu ya ruta inayoruhusu vifaa vijifungulie milango, huifungua yenyewe bila kukuuliza. Zima UPnP. Kama kamera inaonekana kupitia aplikesheni yake yenyewe, milango hiyo haina kazi.

Sheria inasemaje kwa anayeingia kwenye waifai ya mtu?

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Nawaambia hili hasa vijana wanaojifunza kuvunja waifai kwa video za mtandaoni na kujaribu kwa jirani. Jaribuni kwenye ruta zenu. Ujuzi huo una ajira halali.

Nina hakika nimevamiwa. Nianzie wapi?

Kama kuna fedha zilizopotea au vitisho, piga kwanza picha za skrini za orodha ya vifaa na za mipangilio ya DNS, uende nazo polisi. Ukiriseti kabla, umefuta ushahidi.

Kisha iriseti ruta kwa kile kitundu, ukiwa umechomoa kebo ya intaneti au umetoa laini. Kama ni ya kampuni, wapigie kabla, maana mipangilio ya kuunganishwa nao inaweza kufutika. Ingia, badilisha neno la siri la utawala kabla ya kitu kingine chochote, ndipo la waifai. Zima WPS na usimamizi wa mbali. Angalia DNS: iwe inapokelewa yenyewe kutoka kwa kampuni, au namba unayoitambua kama 1.1.1.1 ya Cloudflare, 8.8.8.8 ya Google au 9.9.9.9 ya Quad9. Rudisha kebo, sasisha programu. Maneno ya siri ya barua pepe na benki yabadilishe mwisho, ruta ikishakuwa safi. Watu wengi huanza na hayo wakiwa bado kwenye ruta iliyotekwa.

Rudi kwenye orodha ya vifaa baada ya siku mbili. Mgeni yuleyule akitokea tena, kuna simu au kompyuta ya ndani inayovujisha, na hiyo ndiyo ya kuletwa kwa fundi.

Nahama Nyegezi kwenda Buswelu. Ruta namwachia mpangaji anayekuja.

Iriseti kabla hujatoka, kwa sababu ndani yake kuna neno la siri ambalo huenda unataka kuendelea nalo uendako. Toa laini, ni ya jina lako. Ikiwa ni ya faiba, iambie kampuni ihamishe mkataba, vinginevyo anayekuja atakuwa anatumia intaneti kwa jina lako. Na wewe ukikuta ruta imeachwa huko Buswelu, iriseti kabla ya kuunganisha simu hata moja, hata kama aliyekuachia ni ndugu yako.